Uwezo wa kuhama tunao, lakini mimi na mume wangu hatuuoni mtaa kwa jicho moja

SWALI

Mpendwa Mshauri,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina umri wa miaka 36, na ninaishi Umoja, Nairobi, pamoja na mume wangu ambaye ni mwalimu wa shule ya upili huku huku Eastlands. Mimi ni mhasibu katika kampuni moja iliyoko Westlands. Nilizaliwa Limuru katika familia ya Wakikuyu. Mume wangu ni Mjaluo wa Siaya, ingawa amekaa Nairobi tangu alipomaliza kidato cha nne. Tumeishi katika ndoa kwa miaka 11, na kabila halikuwa neno zito nyumbani mwetu hadi mwaka jana tulipoanza kutafuta nyumba nyingine.

Jambo lenyewe lilianza na baraka. Nilipandishwa cheo, na kwa mara ya kwanza mapato yetu yakazidi mahitaji. Hapa tunalipa kodi ya shilingi 20,000 kwa nyumba ya vyumba viwili vya kulala katika orofa ya nne. Maji ya mfereji hufika mara mbili kwa wiki, siku nyingine tunanunua kwa mitungi na kumlipa kijana wa kuyapandisha, na tangu jengo la jirani liongezwe orofa tunawasha taa sebuleni saa sita mchana. Nimeweka akiba katika sako kwa miaka 7, na sasa naweza kukopa fedha za kutosha kununua nyumba katika jengo la ghorofa huko Ruaka, katika kaunti ya Kiambu, upande wa kwetu Limuru. Nikiwa Ruaka nitafika kazini mapema, nitakuwa karibu na mama yangu mzazi ambaye afya yake imeanza kudhoofika, na watoto watapata mahali penye usalama: ua, geti, mlinzi wa mchana na usiku, kamera kwenye ngazi.

Mume wangu hataki. Nilidhani ni suala la fedha, kwa kuwa mshahara wangu sasa umeupita wake, lakini anasema sivyo. Husema, “Hapa Umoja mwenye duka ananijua, fundi wa viatu ananijua, wazazi wa wanafunzi wangu wananijua. Huo ndio usalama wangu. Huko nitakuwa jina kwenye daftari la mlinzi.” Ikiwa ni lazima tuhame, afadhali twende Rongai, ambako anasema watu wa kila kabila wamechanganyika.

Ninajua mzizi wa hofu hii. Januari 2008, wakati wa ghasia za kikabila zilizofuata uchaguzi, alikuwa na umri wa miaka 21, akiishi Mathare na kaka yake katika chumba kimoja cha mabati. Usiku mmoja walilazimika kutoka. Yeye alitoka na godoro kichwani na vyeti vyake vya shule ndani ya shati, na kaka yake akaacha vifaa vyote vya useremala. Aliyewagongea mlango kuwaonya alikuwa mama mmoja muuza mboga, Mkikuyu kama mimi. Hayo ndiyo ninayoyajua. Zaidi ya hapo hajawahi kunisimulia, nami nimekuwa nikimwambia kwamba miaka imepita, na kwamba watu wenye kazi zao na mikopo yao hawana muda wa kufukuzana.

Kisha likatokea jambo lililonivunja moyo. Mwezi uliopita alikubali, kwa ajili yangu, kumpigia simu wakala wa nyumba ya kupanga ili tujaribu kukaa Ruaka kwanza. Wakala alimwambia nyumba ipo, akamwuliza jina lake kamili, kisha akasema kwamba amekumbuka nyumba hiyo ilichukuliwa asubuhi. Nilipiga mimi baada ya nusu saa, nikataja jina langu la kuzaliwa, na nyumba ikapatikana. Nilipomweleza wakala kwamba yule alikuwa mume wangu, alinishauri kwa sauti ya upole niandike mkataba kwa jina langu pekee, kwa sababu mwenye nyumba “hapendi matatizo wakati wa siasa”. Mume wangu alikuwa ameketi kando yangu, simu ikiwa kwenye spika. Hakusema neno. Alichukua madaftari ya wanafunzi akaanza kusahihisha.

Jamaa nao wameongeza kuni. Kaka zangu wanasema hakuna mtu wa Eastlands aliyewahi kujuta kwa kuhama. Dada za mume wangu wanasema ndugu yao anapelekwa kukaa kwa wakwe, jambo ambalo kwao ni aibu kwa mwanamume. Binti yetu mkubwa anaitwa Achieng’, jina la mama ya mume wangu, na mdogo anaitwa Wanjiru, jina la mama yangu, jinsi desturi ya kwetu inavyotaka. Juzi Achieng’, aliye Gredi ya 4, aliniuliza, “Mama, sisi ni watu wa wapi?” Sikuwa na jibu.

Nitakiri jambo moja. Wenzangu kazini wakiniuliza ninakoishi, nimezoea kusema “karibu na Donholm”, mtaa jirani wenye hadhi kidogo. Sijui tena kama ninatafuta maji na mwanga kwa ajili ya watoto, au ninaikimbia Umoja kwa kuona haya. Je, niendelee kumsukuma mume wangu, au niziache ndoto zangu?

Mama Achieng’, Umoja

JIBU

Mama Achieng’,

Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na kila mara nimesimama kwenye neno moja ambalo wewe na mume wako mnalitumia bila kutambua kwamba mna maana mbili tofauti. Wewe unaposema usalama, unataja geti, mlinzi na kamera, yaani kinga dhidi ya mtu usiyemjua atakayekuja kutoka nje. Yeye anaposema usalama, anataja mwenye duka na fundi wa viatu, yaani watu wanaomjua kiasi cha kumgongea mlango usiku. Ugomvi wenu umechukua mwaka mzima kwa sababu kila mmoja anaamini kwamba mwenzake amelikataa jambo ambalo nyote wawili mnalitaka.

Tofauti hiyo haikutokana na tabia zenu. Kila mmoja amefunzwa na mahali alipokuwa. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na jijini Nairobi moto huo uliwaka zaidi katika mitaa ya kipato cha chini, kama vile Kibera na Mathare, huku watu wa makabila yale yale yaliyopigana wakiendelea kuishi ukuta kwa ukuta katika mitaa ya wenye nacho kama Lavington na Kileleshwa. Mwenye kipato aliona kabila likigombaniwa na wanasiasa kwenye televisheni. Aliyekuwa akilipa kodi ya chumba cha mabati aliliona likisimama mlangoni pake. Unapomwambia mume wako kwamba watu wenye mikopo hawana muda wa kufukuzana, unasema kweli kuhusu tabaka mliloingia sasa, lakini yeye anayasikia kama maneno ya mtu ambaye siku ile hakuwapo. Nawe usisahau kwamba ghasia zile hazikuwa mbali na kwenu Limuru: Januari ile ile watu waliofurushwa walipiga kambi katika kituo cha polisi cha Tigoni. Mume wako anapoliogopa eneo la Kiambu, hofu hiyo hajaibuni.

Nairobi yenyewe ilijengwa ili iwafundishe watu kufikiri hivi. Tangu reli ilipofika mwaka 1899, mji uligawanywa kwa rangi ya ngozi. Wazungu walichukua upande wa magharibi na kaskazini, Muthaiga na baadaye Lavington na Karen, kwenye udongo mwekundu na hewa baridi. Wahindi wakawekwa Ngara na Parklands. Waafrika wakapangiwa mashariki, kwenye ardhi tambarare yenye udongo mweusi unaoshika maji: Pumwani, Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni, mara nyingi katika vyumba vilivyokusudiwa mwanamume mmoja ambaye alitarajiwa kurudi kwao kazi ikiisha. Uhuru ulipofika mwaka 1963 kizuizi cha rangi kilianguka, lakini kodi ya nyumba ikabaki mahali pake na kufanya kazi ile ile. Kabila nalo likaingia kwa mlango mwingine, usio wa uovu hata kidogo: kijana anayeshuka kwenye basi bila fedha hulala kwa binamu yake, na binamu humtafutia chumba jirani na chake. Ndiyo sababu Kibera ina sehemu iitwayo Kisumu Ndogo, kwa jina la mji wa Wajaluo, na ndiyo sababu familia za Kisomali ziliongezeka Eastleigh baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991. Aprili 2014, wakazi hao wa Eastleigh walipokamatwa kwa wingi na kupelekwa uwanja wa Kasarani, operesheni ile ilipewa jina lenye neno hili hili tunalolijadili, usalama. Neno moja huvaa nguo nyingi katika mji huu.

Kuna mtaalamu wa uchumi wa Marekani, Thomas Schelling, aliyewahi kupanga sarafu za aina mbili kwenye ubao wa miraba, akaipa kila sarafu sharti dogo tu: isikae mahali ambapo majirani wa aina yake ni wachache mno. Hakuna sarafu iliyowachukia wengine, na kila moja ingeridhika kukaa katika mchanganyiko. Hata hivyo, baada ya kuzihamisha hatua kwa hatua, ubao uligawanyika makundi makundi. Nakueleza haya kwa sababu kaka zako, dada za mume wako, na labda hata wewe na yeye, mnaweza kuwa watu wema kabisa, na bado kila ushauri mdogo wa “nenda kwa watu wako” ukaisukuma familia yenu upande mmoja wa ubao. Na familia yenu, yenye Achieng’ na Wanjiru kwenye kitanda kimoja, haina upande.

Sasa nije kwa yule wakala, kwa kuwa hapo sitapunguza ukali. Alichokifanya si adabu mbaya tu. Ibara ya 27 ya Katiba ya mwaka 2010 inakataza mtu kumbagua mwenzake kwa misingi ya kabila, Ibara ya 39 inampa kila raia haki ya kuishi popote nchini, na sheria ya uwiano na utangamano ya mwaka 2008 inakataza ubaguzi wa kikabila, na hilo halikusaza shughuli za nyumba na ardhi. Mnaweza kuwasilisha malalamiko kwa Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano, na ningependa mfanye hivyo, mkiandika tarehe na saa ya simu zote mbili wakati kumbukumbu ingali hai. Lakini uamuzi wa kulalamika mwachie mume wako aufanye, kwa maana yeye ndiye aliyekataliwa.

Kuhusu ule ushauri wa kuandika mkataba kwa jina lako pekee, usiufuate kamwe, hata kama nyumba ni nzuri na kodi ni nafuu. Ukikubali, utakuwa umetia sahihi mbele ya macho yake kwamba yeye ni mgeni katika nyumba ya watoto wake, na kila mara mlinzi atakapomwuliza anaenda kwa nani, atalazimika kutaja jina lako ili apite. Mkataba wa kupanga uwe na majina mawili. Siku mtakaponunua, hatimiliki nayo iwe na majina mawili, hata kama mkopo wa sako unakatwa kwenye mshahara wako wewe.

Umeniuliza kama unatafuta maji na mwanga au unaikimbia Umoja. Naamini unafanya yote mawili, na unyofu wako wa kulikiri hilo umenigusa. Umoja ilianza kujengwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Marekani, ikiwa na nyumba za chini zilizokusudiwa wafanyakazi wa kipato cha kadiri. Maghorofa yanayokunyima jua yalikuja baadaye, wenye viwanja walipoongeza orofa huku mabomba ya maji na majitaka yakibaki yale yale. Mtoto anastahili kusoma kwa mwanga wa mchana. Hiyo ni sababu ya haki ya kuhama, na mume wako, ambaye ni mwalimu, hatakubishia ukiileta peke yake bila kuifunga kwenye jina la mtaa. Lakini kuona haya mbele ya wenzako wa Westlands si sababu ya kubeba deni la miaka mingi. Anza kwa kuwajibu kwamba unaishi Umoja, uone kama kuna lolote litakalobadilika katika namna wanavyokuheshimu. Mimi nadhani halitabadilika, na hamu ya Ruaka itapungua kidogo, ubaki na hamu ya maji.

Hofu ya mume wako nayo haina budi kupimwa, kwa kuwa kuiheshimu hofu si sawa na kuipa usukani. Rongai anayoitaja ni kweli imechanganyika, lakini Barabara ya Magadi inayokwenda huko ingekula saa zako nyingi kila siku, na gharama ya amani yake ingelipwa na uchovu wako. Hilo mwambie waziwazi. Aidha, tangu mwaka 2008 tumepiga kura mwaka 2013, 2017 na 2022. Mwaka 2017 risasi zililia tena Mathare na Kibera, na mwaka 2022 mji ulikuwa na utulivu mkubwa zaidi. Mwulize mwaka upi anaouona anapofikiria Agosti 2027, na kwa nini. Jibu lake huenda likawa na hekima ambayo ghadhabu yenu imeificha.

Kwa maoni yangu, msinunue bado. Ununuzi una gharama zisizorudi: ushuru wa stempu peke yake ni asilimia 4 ya thamani ya nyumba katika maeneo ya miji, na bado kuna wakili. Pangeni kwanza kwa mwaka mmoja, na msijifunge kwenye Ruaka na Rongai kana kwamba jiji lina mitaa miwili. Tazameni South B na Lang’ata, na pia mitaa iliyo kando ya Barabara ya Thika kama Kasarani na Roysambu, mkihesabu kwa kalamu nauli na saa za safari za kila mmoja wenu, maana mume wako anafundisha mashariki nawe unafanya kazi magharibi. Kila mtaa muuone mara tatu: saa mbili usiku watu wakirudi kazini, Jumapili alasiri watoto wakiwa nje, na siku ya mvua. Mume wako ndiye azungumze na mtunza jengo, ajitaje kwa jina lake kamili, na wewe unyamaze. Jengo ambalo mtunzaji wake atalipokea jina hilo bila kubadilika uso, kisha awaambie wapangaji hukutana lini kujadili maji na taka, litakuwa limewapa ninyi nyote usalama mnaoutafuta, kila mmoja kwa maana yake. Ikiwa jengo hilo litapatikana Ruaka, vizuri. Wapo watu wa makabila mengi wanaoishi Ruaka kwa amani, na mume wako ana haki ya kuliona hilo kwa macho yake badala ya kulisikia kutoka kwa shemeji zake. Kuhusu lawama ya kukaa kwa wakwe, waambie dada zake kwa heshima kwamba nyumba mnayoilipia wenyewe si boma la mama yako. Ila mama yako naye umweleze kwamba ziara zitakuwa za kubisha hodi.

Achieng’ mjibuni pamoja, nyote wawili mkiwa mmeketi, msimwachie mmoja. Mwambieni bibi aliyempa jina yuko Siaya, bibi aliyempa Wanjiru jina yuko Limuru, na yeye ni mtoto wa Nairobi aliyezaliwa na watu waliopendana hapo. Mtoto wa Gredi ya 4 anaelewa sentensi hiyo, na anayo haki ya kuwa na majibu yote matatu kwa pamoja.

Lipo jambo moja uliloliandika kisha ukalipita haraka. Aliyewagongea mlango Mathare alikuwa muuza mboga Mkikuyu. Mume wako hakuokolewa na ukuta, wala hakuokolewa na mtu wa kabila lake. Aliokolewa na jirani aliyemjua, pengine kwa sababu alikuwa akinunua sukuma kwake jioni. Ndiyo maana anamtaja mwenye duka na fundi wa viatu, na ndiyo maana geti halimwambii kitu. Miaka 11 mmelala kitanda kimoja naye hajakusimulia usiku ule, pengine kwa kuwa kila alipouanza uliwahi kumwambia kwamba miaka imepita. Basi kabla hamjaenda kuangalia nyumba nyingine yoyote, chagueni Jumamosi moja, waacheni watoto kwa jirani, umwombe akupeleke Mathare akuonyeshe chumba kilipokuwa, njia waliyopitia na godoro, na mahali yule mama alipopanga mboga zake. Usimwambie lolote kuhusu Ruaka siku hiyo. Mwulizeni mtu wa pale kama mama huyo angalipo.